Kadi Safi ya Mama Nekesa

Wenzangu wa chumba cha kumbukumbu, mliniomba siku ile ya kuniaga, ya keki na soda, niandike machache kuhusu kazi ya kuwatafuta wagonjwa waliopotea. Nadhani mliniomba kwa sababu hotuba yangu ilikuwa fupi na keki ilikuwa bado haijakatwa. Nimekaa nyumbani wiki tatu sasa. Nimepanga makaratasi yangu yote, nikapanga na ya mke wangu, naye ameniomba kwa upole nitafute kitu kingine cha kufanya. Basi naandika. Vyeo nitaviruka kwa kuwa vilikuwa vichache, na mshahara mnaujua.

Nilianza katikati ya miaka ya sabini, karani katika kliniki ya saratani ya hospitali moja kubwa hapa Nairobi. Niliajiriwa kwa sababu mwandiko wangu ulisomeka. Siku ya kwanza nilivaa tai. Sista Njoki, muuguzi aliyeisimamia kliniki, aliitazama ile tai akaniuliza kama nimekuja kumzika mtu. Niliivua, na sikuivaa tena kazini hadi siku ya keki.

Kisha alinionyesha sanduku la mbao. Kila mgonjwa alikuwa na kadi mbili: moja alikwenda nayo nyumbani, ikapigwa muhuri kila alipotibiwa, na nyingine ilibaki sandukuni. Tarehe ikipita bila mgonjwa kuonekana, kadi ya sandukuni ilifungwa uzi mwekundu. Kazi yangu ilikuwa kuufungua ule uzi, na njia ya kuufungua ilikuwa moja tu, kupanda baiskeli na kwenda kumtafuta mwenye kadi.

Leo mna simu. Sisi tulikuwa na anwani za Eastlands, nazo zilikuwa hivi: nyuma ya kanisa la mabati, mlango wa kijani, uliza fundi viatu. Niliweka daftari la rangi za milango. Mwaka mmoja milango ya mstari mzima kule Mbotela, ninakoishi, ilipakwa rangi moja, na nikawapoteza wagonjwa ambao walikuwa majirani zangu.

Sista Njoki alinifundisha mengine. Usivae koti la hospitali. Usilitaje jina la ugonjwa mlangoni, maana majirani wana masikio. Usiulize chochote ukiwa umesimama. "Ukiuliza 'kwa nini hukuja' umesimama," alisema, "utajibiwa uongo, na utakuwa umeustahili. Keti kwanza. Ukipewa chai, kunywa, hata ikiwa baridi." Nimekunywa chai nyingi baridi kwa ajili ya kazi hii.

Nilidhani nitakuta watu waliokosa nauli, na wengine walikuwa hivyo. Lakini wengi hawakukimbia umaskini wala hawakukimbia saratani. Walikimbia dripu. Dawa za siku zile ziliingizwa mshipani kwa saa nyingi, na mtu alirudi nyumbani akatapika hadi akasahau alichokula tangu Krismasi. Akitoka hapo tunamwambia aje tena baada ya wiki tatu, na tunashangaa haji.

Kisa kigumu cha miaka yangu ya mwanzo kilikuwa cha fundi viatu wa anwani ile, ambaye naye alikuwa mgonjwa wetu. Nilimkuta amependeza, amenenepa kidogo, akaniambia muuza mizizi mmoja amemponya, hospitali yetu tukae nayo wenyewe. Alinipa chai ya moto. Nilirudi mara tatu. Aliporudi yeye kliniki, alibebwa, na Sista Njoki hakuwa na la kufanya ila kumtafutia kitanda karibu na dirisha. Tangu siku hiyo nilimchukia kila mwenye chupa na unga wa majani. Nayaandika haya ili mnielewe kwa yanayofuata, si ili mnisamehe.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini niliona jambo sandukuni. Nilikuwa nimezipanga kadi kwa mitaa, na kila mtaa ulikuwa na nyuzi zake nyekundu, mingine mingi, mingine michache. Baba Dogo, mtaa wa viwanda na vyumba vya wafanyakazi, haukuwa na hata mmoja. Nilingoja mwezi, nikangoja mwingine. Hakuna uzi. Mtu mwingine angefurahi. Mimi nilishuku.

Nikamwambia Sista Njoki. Alikuwa akihesabu bandeji, hakuinua kichwa.

"Watu wanakuja, na wewe unalalamika?"

"Silalamiki, Sista. Nashangaa."

"Basi shangaa Jumamosi, siku yako ya mapumziko."

Jumamosi nilikwenda. Karibu na kiwanda cha blanketi nilisimama kwa mama mmoja wa mandazi, nikanunua mawili, nikaketi kwenye benchi lake kama nilivyofundishwa, nikauliza kwa mbali kuhusu wagonjwa wa pale. Alinieleza bila kuulizwa mara ya pili. Alisema kuna Mchina katika chumba cha nyuma ya kanisa, anawakusanya akina mama wagonjwa kila Jumamosi, anafunga pazia, na wanavuta bangi. Harufu inafika hadi hapa. Na wanatoka wakicheka. Nilimuuliza kama polisi wanajua. Akasema walikuja mara moja, wawili, wakanusa, wakaingia, wakakaa sana, na mmoja alipotoka alikuwa ameshatibiwa mgongo.

Harufu niliikuta kweli. Nimekulia Eastlands, naijua bangi inavyonuka, ingawa sitaeleza nimeijuaje. Niliingia nikiwa tayari kuandika ripoti.

Chumba kilikuwa na mabenchi matatu, pazia la blanketi lenye kasoro ya kiwandani, stovu ya mafuta ya taa na sufuria ya presha iliyokuwa ikipiga mluzi. Ukutani kulikuwa na rafu ya chupa za dawa ya kikohozi zilizooshwa, kila moja na karatasi yenye jina la mtu, na ndani ya kila chupa sindano nyembamba kama unywele. Mwenyewe alikuwa mtu mfupi wa makamo, miwani imefungwa kwa waya, shati limefuliwa likafuliwa tena. Hakuwa Mchina. Alitoka Korea. Mdogo wake aliletwa kutengeneza mashine za kiwanda cha blanketi, naye akamfuata baada ya mkewe kufariki. Kwao alikuwa mganga wa tiba ya jadi, kwa kusomea na kwa baba yake. Watu walimwita Daktari, naye aliwakatalia. "Hapa mimi si daktari," alisema. "Hapa Bwana Han."

Kiswahili chake alijifunza kwa vibarua wa kiwandani, na ilionekana. Kila mgonjwa aliyefika mlangoni alisalimiwa hivyo hivyo.

"Sasa, mama. Kadi."

Hakusema kadi gani. Ilikuwa kadi ya kliniki yetu. Aliichukua kwa mikono miwili, akaisoma mihuri kwa kidole, tarehe baada ya tarehe, na akiona mgonjwa amehudhuria hospitali, alimkaribisha ndani. Asiye na muhuri wa mara ya mwisho hakuguswa. Siku hiyo mwanamke mmoja alisema ameisahau kadi nyumbani. "Nyumbani karibu," Bwana Han alimwambia. "Nenda, mama. Mimi niko." Mama wa watu akaenda na kurudi, amekasirika, na kadi mkononi.

Hapo nilielewa kwa nini Baba Dogo haikuwa na uzi mwekundu. Mimi nilikuwa nikizunguka na baiskeli kuwatafuta watu, na huyu aliwarudisha kwetu akiwa amekaa mlangoni.

Nilimuuliza anatibu saratani kwa dawa gani. Alinitazama kana kwamba nimemtukana.

"Kansa? Hapana. Kansa ya hospitali. Mimi natibu kutapika. Natibu usingizi. Natibu woga, kidogo."

Nilikaa hadi alasiri nikiangalia. Ile harufu ilikuwa ya majani makavu yaliyofikichwa yakawa kama pamba, akayasokota mfano wa sigara nene, akaiwasha na kuisogeza karibu na mguu au tumbo la mgonjwa bila kuligusa, hadi ngozi ipate joto. Hakuna aliyeivuta. Sindano zilichemshwa katika ile sufuria ya presha, na ya mtu haikuingia kwa mtu mwingine. Aliyekatwa titi la kulia hakuchomwa wala kupashwa joto mkono wa kulia, kamwe, maana mkono wa upande huo huvimba upesi. Alikuwa pia na kabati la mizizi na maganda ya kwao, nalo lilifungwa kwa kufuli. Aliye kwenye dripu hakupewa kitu cha kunywa zaidi ya maji ya tangawizi. "Dawa yangu na dawa yao zikigombana ndani," alisema, "mama ndiye anaumia."

Niliwahoji waliokuwa kwenye benchi, mmoja mmoja. Mmoja alisema alilala usiku mzima kwa mara ya kwanza tangu upasuaji. Mwingine alisema sindano hazijamsaidia chochote, vidole vyake bado vimekufa ganzi, lakini anakuja kwa sababu hapa hakuna anayemtazama kwa huruma. Wa tatu alikuwa Mama Nekesa, na yeye sikumhoji, alinihoji mimi.

Mama Nekesa aliuza vitunguu kwenye geti la kiwanda. Mumewe, Wafula, alifanya kazi ndani, kwenye mashine za kuchana sufu. Walitoka Magharibi mwa nchi, kama wengi wa pale. Alikuwa ameondolewa titi la kushoto, na kati ya dripu sita alizoandikiwa alikuwa amemaliza tatu. Aliniambia kwamba ya kwanza ilimtapisha hadi Wafula akamletea mchungaji. Ndipo mtu akamleta kwa Bwana Han, na ya pili ikawa afadhali, na ya tatu afadhali zaidi. "Bado natapika, karani," alisema, "lakini sasa natapika kama binadamu." Kisha akaniuliza nimeoa, nina watoto wangapi, na kwa nini nimevaa soksi za rangi mbili.

Ningeondoka pale na sifa tupu, kama nisingeona alama. Bwana Han alikuwa akiandika nyuma ya kadi zetu. Kwa penseli, herufi ndogo ndogo za kwao, mistari na miduara, kila Jumamosi mstari mmoja. Nilimwambia kadi ni mali ya hospitali.

"Nyuma iko tupu," alisema.

"Tupu ndivyo inavyotakiwa kuwa, Bwana Han."

Aliinama kidogo, kwa adabu, na akaendelea kuandika.

Jambo hilo lilinikera kuliko nilivyokerwa na lolote mwaka ule. Nilikuwa mtu wa utaratibu. Kwangu karatasi ya serikali iliyoandikwa maandishi yasiyosomeka ilikuwa kama shati jeupe lililomwagikiwa wino. Basi Mama Nekesa alipokuja kliniki wiki iliyofuata kupimwa damu kabla ya dripu ya nne, nilimwomba kadi yake, nikaitazama upande wa nyuma, nikamwambia imeharibika. Nikamwandikia nyingine, mpya, kwa mwandiko wangu mzuri: jina, namba, tarehe ya dripu ya nne. Mihuri ya zamani sikuweza kuipiga, maana muhuri ni wa siku ya dripu yenyewe, haupigwi kinyumenyume. Ile ya zamani niliitia katika droo ya kadi zilizoharibika. Alitaka kusema kitu, lakini foleni ilikuwa ndefu, na mimi nilikuwa nimeshaita jina linalofuata. Nilijisikia nimefanya kazi.

Yaliyofuata niliambiwa na pande mbili, na maelezo yao yalilingana, jambo ambalo katika kazi hii ni nadra. Jumamosi Mama Nekesa alikwenda nyuma ya kanisa, akatoa kadi. Bwana Han aliipindua. Haikuwa na muhuri hata mmoja. Akamwambia kwa upole aende hospitali kwanza, kisha arudi. Mama Nekesa akasema amekwenda, kadi imebadilishwa na karani. Bwana Han alikuwa ameshasikia visingizio vya kila aina kwenye mlango ule, na kanuni yake ndiyo iliyokuwa imewaokoa wengi. Akarudia: hospitali kwanza. Mama Nekesa, ambaye hakuwahi kukosa la kusema, aligeuka akaenda zake.

Jumatatu hakuja kliniki. Jioni niliifunga kadi yake uzi mwekundu, wa kwanza wa Baba Dogo tangu nianze kuhesabu. Daktari alimwambia Sista Njoki waziwazi: akiachia hapa katikati, ugonjwa unapewa nafasi ya kurudi, na ukirudi hatuna kingine. Sista Njoki aliniangalia, akaniambia kesho nisipitie kwingine.

Nilifika kwao saa Wafula alipotoka zamu ya asubuhi. Kilikuwa chumba kimoja, safi. Mama Nekesa amelala, leso kichwani, beseni pembeni ya kitanda. Wafula alinionyesha kiti. Niliketi. Chai sikupewa.

"Umekuja kuchukua na hii?" Mama Nekesa alisema, akaisukuma kadi mpya kwenye ukingo wa kitanda.

"Mama, kosa ni langu."

"Najua ni lako. Nimekuuliza kama umekuja kuchukua na hii."

Wafula ndiye aliyenieleza. Kutapika kulianza Jumapili, kabla hata ya kwenda popote. Jumatatu asubuhi, kabla ya zamu, alimsindikiza mkewe hadi kituoni, basi likapiga honi, na mkewe akatapikia viatu vya watu. Kondakta akapaza sauti mama mjamzito apishwe. Wafula alipofika hapo katika kusimulia, Mama Nekesa alicheka kidogo akiwa amefumba macho.

"Tatu zinatosha, karani," alisema. "Kama ni kufa, nife nimekula. Waandikie hivyo."

Sikuandika. Nilijaribu yote niliyofundishwa, nikaketi, nikangoja, na hayakusaidia, kwa sababu Sista Njoki hakuwahi kunifundisha la kufanya pale aliyemfukuza mgonjwa anapokuwa mimi mwenyewe.

Nilirudi nikamweleza Sista kila kitu, pamoja na habari ya kadi. Nilitarajia anifokee. Alikwenda kwenye droo ya kadi zilizoharibika, akaitoa, akaipindua.

"Umeyasoma haya?"

"Hayasomeki, Sista."

"Hayasomeki kwako," alisema. "Mpelekee mwenyewe akusomee. Uandike kila neno, kwa huo mwandiko wako mzuri."

Bwana Han alikaa kwa mdogo wake, nyuma ya kiwanda. Nilimkuta akipepeta mchele. Nilipomweleza nilichofanya, alinawa mikono, akafuta meza, akaiweka ile kadi mbele yetu na kuanza kusoma, nami nikaandika. Kila mstari ulikuwa wiki moja ya Mama Nekesa: ametapika mara ngapi, kuanzia saa ngapi, amekula nini kikakaa, amelala kwa muda gani, amechomwa sindano wapi. Baada ya dripu ya kwanza, siku tatu bila chakula. Baada ya ya pili, siku moja. Baada ya ya tatu, asubuhi tu, na mchana ugali kidogo na mboga ya kunde. Halafu palikuwa na mduara mdogo uliojirudia kila Jumapili kabla ya dripu. Nilimuuliza ni nini.

"Jumapili anafua nguo," Bwana Han alisema. "Ile nguo ya kwenda hospitali. Akifua, tumbo linaanza. Mwili unajua kesho nini. Kwa hiyo mimi Jumamosi, kabla ya nguo."

Katika miaka yote niliyokaa pale sikuwahi kuona mtu yeyote kliniki akiuliza mgonjwa anafua nguo siku gani. Nasi tulikuwa na mafaili ya kujaza chumba, ninyi mnayajua.

Alipomaliza kusoma alivua miwani.

"Wewe ulifanya mbaya," alisema. "Mimi pia. Niliangalia kadi. Sikuangalia mama."

Kesho yake tulikwenda pamoja, kwa miguu, yeye na kikapu chenye chupa yenye jina la Mama Nekesa. Mlangoni alisema "Sasa, mama," akaishia hapo. Kadi hakuitaja. Aliomba radhi kwa kuinama hadi Wafula akaona haya na kuanza kuinama naye. Mama Nekesa alimruhusu aingie, akaniambia mimi ningoje nje. Niliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa karibu saa nzima. Niliposikia anauliza kwa nini kikapu kinanuka samaki, nilijua mambo yamelainika.

Nilipoitwa, alikuwa ameketi, amekunywa maji ya tangawizi. Daktari alikuwa amekubali dripu ifanywe Jumatatu inayofuata, wiki moja nje ya tarehe, na nilimwambia hivyo. Alinisikiliza, kisha akatoa masharti. Nguo ya hospitali ataichoma au ataigawa, na atavaa nyingine. Wafula hawezi kuacha zamu, kwa hiyo mimi ndiye nitakayekwenda naye, niketi naye hadi dripu iishe. Na nije bila daftari.

Bwana Han akanifundisha kazi yangu mpya, ya kutuliza kichefuchefu kwa kidole. Vidole vitatu kutoka kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono kuelekea kiwiko, katikati ya mishipa miwili, hapo nibonyeze kwa kidole gumba, nihesabu pumzi, niachie, nirudie. Vidole vya kupimia viwe vya mgonjwa, si vyangu, maana kila mwili una kipimo chake. Mkono wa kulia, kwa kuwa upasuaji ulikuwa kushoto, na dripu ikiingia mkono huohuo basi juu kidogo nisiguse bomba. Wafula alifuatilia somo lote mikono kifuani.

"Mkono tu, karani," alisema. "Na vidole vitatu, si vinne."

"Wafula, nyamaza," mkewe akamwambia. "Mwenye soksi zile atamshawishi nani?"

Jumatatu hiyo niliingia chumba cha dripu kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimefanya kazi mita ishirini kutoka pale kwa miaka, na kwangu kilikuwa safu moja kwenye kadi. Viti virefu ukutani, watu wamefumba macho, harufu ya spiriti na ya kitu kingine ambacho bado naweza kukinusa. Niliketi kwenye stuli. Saa ya kwanza nilibonyeza, nikahesabu pumzi. Saa ya pili aliniuliza habari za kila mtu sandukuni, kama Baba Dogo kuna uzi mwingine, na nikasema ni wake tu. Akasema basi niufungue. Nikamwambia utafunguka kadi ikipigwa muhuri. Alitapika mara mbili, nikashika beseni, nikaona kwamba kushika beseni si kazi ngumu, kazi ngumu ni kutogeuza uso. Mchana dripu iliisha. Sista Njoki mwenyewe ndiye aliyepiga muhuri, akaupiga kwenye ile kadi ya zamani niliyomrudishia, yenye penseli nyuma, aliyoitoa mfukoni mwa aproni yake.

Dripu ya tano na ya sita Wafula alibadilishana zamu, akaja mwenyewe. Nilichungulia mlangoni nikaona kidole gumba chake mahali pake, na midomo ikihesabu. Mama Nekesa alimaliza zote sita.

Sista Njoki hakuniandikia barua ya onyo. Aliniamuru nichukue rula na penseli, nipige mistari nyuma ya kila kadi iliyokuwa sandukuni, ili mgonjwa au yeyote anayemtunza aandike humo anachotaka, kwa herufi anazozijua. Ilinichukua wiki nyingi. Baadaye daktari mmoja kijana wa kliniki alikwenda Baba Dogo Jumamosi moja, akaketi kwenye benchi kama mgonjwa, akauliza maswali hadi jioni. Hakusema amekubali. Alisema ataendelea kuuliza, na nimewajua madaktari vya kutosha kujua kwamba hiyo ni heshima.

Msinielewe vibaya. Wengi wa waliokaa kwenye mabenchi yale walikufa, pamoja na yule aliyelala usiku mzima. Bwana Han alihudhuria mazishi yao, akisimama nyuma kabisa, kofia mkononi. Sikuwahi kumsikia akidai kwamba aliyepona amemponya yeye. Mkataba wa mdogo wake ulipokwisha waliondoka wote wawili, na kabla ya kuondoka alitumia Jumamosi kadhaa kufundisha waume, dada na mabinti ile kazi ya vidole vitatu. Sijamwona tena, na katika kazi hii sijamwona mwingine aliyejua mipaka yake vizuri namna ile.

Nitamalizia na siku moja ya mwishoni mwa miaka ya themanini. Nilikuwa Baba Dogo natafuta mgonjwa, mwanamke aliyekosa dripu ya tatu. Nilipita geti la kiwanda nikisukuma baiskeli, na Mama Nekesa akaniona kabla sijamwona. Alikuwa amenenepa, nywele zimerudi zikiwa na mvi. Nilikuwa nimezoea wagonjwa wa zamani kunikimbia, maana uso wangu kwao ulikuwa habari mbaya. Yeye hakukimbia. Aliweka mikono kiunoni.

"Leo nimekosa nini?"

"Hujakosa. Namtafuta mwingine."

Aliuliza ni nani. Sikutakiwa kumwambia, na sikumwambia. Alinitajia jina yeye mwenyewe, na mlango, na siku aliyoacha kutoka nje. Nikamwambia naenda kuketi naye. Mama Nekesa alinikagua kuanzia kichwani hadi kwenye soksi.

"Wewe akikuona atatoka kwa dirisha," alisema. Alifungua kanga kiunoni, akaifunga upya, akanionyesha kigoda chake. "Kaa hapa uuze vitunguu."

Akaenda. Niliketi. Zamu zilikuwa zinabadilishana, wafanyakazi walipita makundi kwa makundi, wakanitazama, wakatazama mafungu ya vitunguu, wakaendelea na safari. Mmoja aliniuliza Mama yuko wapi, nikasema yuko kazini. Baada ya muda mrefu niliwaona wakija kutoka upande wa kanisa, wawili, polepole, yule mwingine amejitanda leso na amemshika mkono Mama Nekesa, kadi ikionekana kwenye vidole vyake.

Mama Nekesa alipofika aliyahesabu mafungu kwa macho.

"Umeuza mangapi?"

Nilikiri kwamba sikuuza hata moja.

"Ndio maana walikuajiri hospitali," alisema, akaniondoa kwenye kigoda ili mgeni wake aketi.